Nyumba Isiyohama

Nguzo ya kona katika nyumba ya babu ilionekana nzima mpaka nilipoibonyeza. Kidole kikazama. Mchwa walikuwa wamekula mti wote kwa ndani na kujaza nafasi yake kwa udongo, wakaacha ganda la nje lenye rangi. Paa la kona ile lilikuwa limelala juu ya ganda, na chini yake ndipo anapolala bibi.

Kijiji chetu kiko pale milima ya Umatengo inapoanza kuteremka kuelekea Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimefika asubuhi hiyo kutoka Mbinga mjini, na kwenye begi nilikuwa na chupa ya dawa ya mchwa. Bibi aliitazama, akauliza, "Mume wangu, na maji tutachota wapi?"

Kisima kiko hatua ishirini kutoka kona ile.

Nilisoma lebo upya. Ilikataza kuimwaga karibu na chanzo cha maji. Kwa miongo mingi, duniani kote, misingi ya nyumba ilimwagiwa aldrini na dieldrini, dawa zilizosifiwa kwa sababu hazikuisha ardhini. Baadaye sifa hiyo ndiyo iliyozihukumu: zilibaki kwenye udongo, zikaingia kwenye chakula na miili ya watu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizipiga marufuku, na Tanzania iliuridhia mwaka 2004. Dawa yangu haikuwa miongoni mwa hizo, lakini niliirudisha kwenye begi.

Jioni nikamuuliza bibi, zamani walifanyaje? Akacheka. "Zamani nyumba ikichoka, tulijenga nyingine."

Jibu hilo lilinikalia kichwani, maana ndani yake kuna historia ya karne nzima. Wamatengo walijikusanya milimani katika karne ya 19 wakiwakwepa Wangoni, wakalima miteremko mikali kwa mashimo ya ngoro. Shamba lilidumu. Nyumba ya miti, udongo na nyasi haikuhitaji kudumu: mchwa wakishaila, familia ilisogea kidogo na kujenga tena. Mchwa walikuwa sehemu ya kalenda.

Kisha nyumba ikafungwa mahali. Mwaka 1897 Wajerumani walitunga kodi ya nyumba, na kibanda kikawa kitu cha kuhesabiwa. Wamatengo waliokataa utawala huo walipigwa Litembo mwaka 1902. Wakati huohuo Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka 1898, walikuwa wakifyatua na kuchoma matofali, wakionyesha kwamba jengo linaweza kumzidi umri aliyelijenga. Kahawa ikaja, na pesa yake ikanunua bati. Mtu hahami akaacha mibuni yake, wala haachi bati lake liozee. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa ifikapo mwisho wa 1976 kuishi katika vijiji ni lazima. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, lakini zote zilituambia jambo moja: kaa hapa. Mchwa hawakubadilika. Sisi ndio tuliokoma kusogea.

Babu alilielewa hilo kuliko mimi. Matofali yake aliyafyatua kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu unashikana vizuri; kuta zetu zimejengwa kwa kazi ya mchwa wenyewe. Nguzo zake za kwanza zilikuwa za mninga, na mbili bado zipo, ngumu kama chuma. Iliyooza ni ya mlingoti mchanga, iliyowekwa na baba mininga ilipoadimika karibu nasi. Tulipoteza msitu kwanza, nguzo ikafuata.

Kesho yake tuliegemeza paa kwa magogo na kuing'oa nguzo. Njia ya mchwa, mrija mwembamba wa udongo, ilipanda kutoka kwenye rundo la kuni ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumeliegemeza ukutani. Tukalihamisha. Tukachimba mfereji maji ya mvua yasituame, tukajenga kitako cha mawe na saruji, na juu yake tukasimamisha nguzo mpya, isiguse ardhi. Mchwa hawa hutoka udongoni na kusafiri gizani, ndani ya vichuguu vyao vyembamba. Anayetaka kupita juu ya jiwe lazima ajenge njia yake nje, ambako jicho litaiona.

Jicho hilo ni la shangazi. Kila Jumamosi anazunguka nyumba na fagio, na akiona mrija anaukwangua. Si ushindi. Akiacha miezi michache, watapita.

Tuliponyanyua kitanda cha bibi tukaukuta mkoba wa babu wa stakabadhi za kahawa. Ulikuwa umejaa udongo. Bibi akauinua, akaukung'uta mlangoni, kisha akautundika kwenye msumari, juu, mbali na sakafu.