Mugumo: Mti uliolindwa na mwiko kabla ya kulindwa na amri ya Rais

Novemba 11, 2020, Ikulu ya Nairobi ilitoa amri isiyo ya kawaida: mti mmoja usiguswe. Ulikuwa mugumo uliosimama kando ya barabara ya Waiyaki Way, Westlands, mti unaokadiriwa kuwa na miaka mia moja na kimo cha jengo la ghorofa nne. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, ilikuwa imetangaza kwamba utang'olewa na kuhamishwa ili kupisha Nairobi Expressway, barabara ya kilomita 27 iliyojengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Wanamazingira wakaja juu, mitandao ikachemka, na hatimaye Mohammed Badi, mkuu wa idara ya NMS iliyokuwa ikisimamia huduma za jiji, akatangaza kwamba Rais Uhuru Kenyatta ameunusuru.

Wanaoikumbuka amri hiyo huisimulia kama ushindi wa wanaharakati. Ni kweli, ila hadithi yenyewe ni ndefu kuliko barabara. Mtu anayetaka kujua kwa nini mti huu una uzito zaidi kuliko mikaratusi yote ya jiji hana haja ya kwenda mbali. Maelezo yapo katika kitabu kilichoandikwa na baba yake huyo Rais aliyetoa amri.

Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya mwaka 1938, baada ya kusomea anthropolojia London chini ya Bronislaw Malinowski. Wanaokitaja siku hizi hutaja siasa za ardhi, lakini kurasa za dini ndizo zinazosisimua. Anaeleza kwamba Wagikuyu hawakumjengea Ngai, Mungu wao, nyumba. Mugumo ndio uliokuwa hekalu. Chini yake waliomba mvua, walishukuru kwa mavuno na kuomba magonjwa yaondoke, nyuso zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mlima wa Ngai.

Anasimulia tambiko moja la mvua aliloshiriki yeye mwenyewe. Wazee waliongoza msafara pamoja na watoto wawili, mvulana na msichana, ambao umri wao ulikuwa bado ni wa usafi. Walikuwa na mwanakondoo wa rangi moja, asiye na baka, na vibuyu vya maziwa na pombe ya asali. Waliuzunguka mti mara saba wakiumiminia maziwa na pombe, kisha mwanakondoo akachinjwa na nyama ikachomwa hapo hapo. Moto haukuwa umezimika mvua iliposhuka, na Kenyatta anasema hataisahau safari ile ya kurudi nyumbani akiwa ameloa chapachapa. Msomaji mwenye shaka atasema wazee walijua kusoma mawingu. Labda. Lakini aliyeandika hayo alikuwa na elimu ya London kichwani na hakuona haya kuyaandika.

Mti huo huo ulikuwa na kazi katika jando. Vijana waliotaka kutahiriwa walishindana mbio hadi kwenye mugumo, wakirusha mikuki ya mbao juu ya matawi yake. Aliyetangulia ndiye aliyekuwa kiongozi wa rika lake. Kwa hiyo uongozi nao ulianzia chini ya mti, na pengine ndiyo maana hadi leo mugumo mkubwa ukianguka popote Mlima Kenya, waandishi wa habari hukimbilia wazee kuuliza ni mwanasiasa gani anayeondoka.

Mfano maarufu ni ule wa Thika. Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri aliyeona wageni wa rangi ya chura mdogo na nyoka wa chuma atakayepita katikati ya nchi, alisema pia kwamba siku mugumo fulani utakapoanguka, utawala wa wageni utakwisha. Wakoloni, wanaendelea kusema wasimulizi, walicheka utabiri huo mchana, lakini wakaukaza mti kwa chuma ili usianguke. Radi ikaupiga mwaka 1963, mwaka uleule bendera ya Uingereza ilipoteremshwa. Uamini au usiamini, picha ya serikali yenye majeshi na mahakama ikihangaika kuushikilia mti usianguke ni tamu mno kuachwa. Mahali hapo pamebaki na jina la Mugumo Gardens.

Wagikuyu si peke yao. Mugumo ni wa jamaa ya mitini, na jamaa hiyo imo katika dini nyingi kuliko mti mwingine wowote ninaoujua. Adamu na Hawa walijisitiri kwa majani ya mtini. Kurani ina sura nzima, ya 95, inayoitwa kwa jina la tini. Buddha alipata mwanga chini ya mti wa jamaa hiyo huko Bodh Gaya, India. Naye Zakayo, mtoza ushuru, alipanda mkuyu amwone Yesu, asijue kwamba miaka elfu mbili baadaye Wakenya wangeazima jina lake wampe rais wanayemlaumu kwa kodi.

Wamishenari walipofika, Waskoti pale Thogoto mwaka 1898 na Waitaliano wa Consolata mwaka 1902, waliukuta mti huu ukiwa mshindani. Waliwahubiria watu kwamba Mungu haishi mtini wala mlimani, yuko kanisani. Katika kizazi kimoja mwiko ulilegea, na mwiko ulipolegea shoka likapata njia.

Hapa ndipo Wangari Maathai anapoingia. Katika kumbukumbu zake, Unbowed, anasimulia mugumo uliokuwa karibu na kwao Ihithe, Nyeri, miaka ya 1940. Mama yake alipomtuma kuni alimkanya asiokote hata kijiti cha mti ule, kwa sababu ni mti wa Mungu: haukatwi, hauchomwi. Karibu nao palitoka kijito, na Wangari mdogo alicheza humo na mayai ya vyura akidhani ni shanga za kuvaa shingoni. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, mti haukuwapo. Mwenye shamba mpya aliona unamlia nafasi, akaukata apande chai. Kijito kilikuwa kimekauka.

Maathai, aliyekuwa mwanabiolojia, anatoa sababu bila uchawi wowote. Mizizi ya mugumo hupenya miamba hadi kwenye maji ya chini, maji yakapata upenyo wa kupanda juu, na mizizi hiyo hiyo hushika udongo wa miteremko usiporomoke. Wazee hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na sheria iliyolinda chemchemi, na haikuhitaji askari. Aliyoyafanya baadaye, kuanzia Green Belt Movement mwaka 1977 hadi Tuzo ya Nobel mwaka 2004, yanajulikana. Alipofariki mwaka 2011 mwili wake uliteketezwa katika jeneza la magugu-maji, mafunjo na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Ukipimwa kwa mwiko huo wa wazee, ushindi wa 2020 una kasoro. Uliokolewa mti mmoja, mkubwa, ulio mahali ambapo kila mwenye gari anauona. Miti mingine kando ya mradi uleule ilikatwa na hakuna Ikulu iliyotoa amri. Kule Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, mahali panaposimuliwa kuwa chimbuko la Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wagikuyu, hoteli ya watalii ilianza kujengwa, mradi ukakwama, na watu wakaachiwa magofu. Pwani, Wamijikenda walipata angalau UNESCO kuziorodhesha kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, mwaka 2008. Mugumo wa shambani kwa mtu hauna mtetezi wa aina hiyo.

Sheria ipo. Ile ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu mahali penye thamani ya utamaduni pachapishwe katika gazeti rasmi la serikali na kulindwa. Kaunti za Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Kiambu zitume maafisa wake kwa wazee wa kiama, baraza la Wagikuyu, waiandike migumo iliyobaki kijiji kwa kijiji, na orodha hiyo ifike kwa waziri kabla mpima barabara hajafika na vigingi vyake.