Kwaresma ni zaidi ya kujinyima nyama

KWARESMA ni kipindi cha siku 40 ambacho waumini wa Kanisa Katoliki hukitumia kujiandaa kwa Pasaka. Huanza Jumatano ya Majivu, waumini wanapopakwa majivu kwenye paji la uso. Majivu hayo hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Jumapili hazihesabiwi katika siku hizo 40, kwa kuwa kila Jumapili ni ukumbusho wa ufufuko.

Sheria ya Kanisa huwataka wenye umri wa miaka 18 hadi 59 kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Anayefunga hula mlo mmoja kamili, na anaweza kuongeza midogo miwili isiyolingana na huo kwa pamoja. Kuanzia miaka 14, muumini hujizuia kula nyama siku hizo na kila Ijumaa ya Kwaresma. Wagonjwa na wajawazito husamehewa.

Hata hivyo, mfungo huenda sambamba na sala na sadaka. Alichojinyima muumini si akiba yake, bali ni fungu la asiye nacho. Ndiposa maaskofu Wakatoliki nchini Kenya huendesha Kampeni ya Kwaresma kila mwaka, ambapo masuala ya haki na amani hujadiliwa katika jumuiya ndogo ndogo na michango kukusanywa. Anayeacha nyama huku akimnyima kibarua wake ujira hajafunga. Amebadilisha mlo tu.