Majani ya Bwana Budding na Majani ya Umatengo

Mashine ya kukatia majani, ile ya kusukuma kwa mikono, haikubuniwa na mtunza bustani. Ilibuniwa na fundi wa mitambo, Edwin Budding, karibu na mji wa Stroud, Uingereza, mwaka 1830. Huko kulikuwa na viwanda vya nguo za sufu, vyenye mashine za visu vya kuzunguka zilizonyoa vitambaa viwe laini. Budding alihamishia visu hivyo kwenye majani. Rola nzito ya chuma ilizungusha magurudumu ya meno, nayo yakazungusha visu. Upana wake ulikuwa inchi 19. Kabla ya hapo, wenye majumba walitegemea vibarua wenye miundu mirefu, waliofyeka alfajiri kungali na umande. Katika hati yake ya hataza, Budding alieleza kuwa mabwana wangeweza kuisukuma wenyewe, ikawa mazoezi ya kujenga afya.

Katika karne hiyo hiyo, huku kwetu, Wamatengo walibanwa milimani na vita vya Wangoni. Nao walikata majani, lakini si kwa mazoezi. Mteremko ulikuwa mkali na mvua nyingi. Udongo ukishachukuliwa na maji kwenda Ziwa Nyasa, haurudi.

Ndiyo maana wakawa na ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, mithili ya miraba ya daftari la hesabu. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia kwa udongo. Mashimo yanayobaki hutuliza maji ya mvua. Majani huoza yakawa mbolea ya maharage, kisha ya mahindi.

Msomaji atauliza, kwa nini tunalijua jina la Budding na mwaka wake, ila wa ngoro hatumjui? Budding alikuwa na hati. Wamatengo walikuwa na mashamba tu, na shamba halisomwi na asiyelilima.

Nimeishi miaka mingi kati ya walimu, na katika shule zetu kufyeka ni adhabu ya mchelewaji. Majani hukusanywa, yakachomwa moto. Hivyo mtoto hujifunza kuwa fyekeo ni aibu, naye ni mjukuu wa watu waliojenga shamba kwa majani hayo hayo.

Mwalimu wa Mbinga asiyachome. Awaulize wanafunzi majani hulazwaje mlimani, na sababu yake. Wasiojua wakawaulize bibi na babu zao, wangali hai.