Kibali cha mjomba, kibali cha ubalozi

Ndugu msikilizaji, juma lililopita alinijia binti wa dada yangu kutoka Lionja, huko kwetu Nachingwea na Ruangwa. Mkononi alibeba bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. Binti huyu ni mwalimu. Miaka miwili iliyopita aliolewa na kijana raia wa nchi moja ya Ulaya aliyekuja nchini kikazi. Harusi ilifanyika kijijini, ngoma zikalia, wazee wakala wali wakashiba. Mkataba wa kijana yule ulipomalizika akarudi kwao, na mkewe akaomba viza ya kumfuata. Amenyimwa. Barua aliyopewa ilisema, kwa ufupi, kwamba hakuthibitisha kuwa yeye na mumewe wana ndoa ya kweli.

Aliniuliza swali moja tu. "Mjomba, wewe ndiye uliyeniozesha. Hawa wanaosema sikuolewa, wao walikuwa wapi siku ile?"

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini swali lake linastahili jibu, kwani nyuma yake ipo historia ndefu. Tangu lini mtu na mkewe wakahitaji ruhusa ya mtu wa tatu ili walale chini ya paa moja?

Ukweli ni kwamba ruhusa ya mtu wa tatu imekuwapo siku zote. Kilichobadilika ni mtoaji wake. Sisi Wamwera, kama walivyo jirani zetu Wayao, Wamakua na Wamakonde, ukoo wetu ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mwenye sauti juu ya ndoa ya binti hakuwa baba yake, bali mjomba. Na kwa desturi ya zamani hakuwa mke aliyehama, ni mume. Kijana alitoka kwao na jembe lake, akafika kijijini kwa mke, akalima shamba la wakwe huku akitazamwa. Je, ni mvivu? Ni mgomvi? Amekuja kwa ajili ya mke au kwa ajili ya shamba? Akifaulu alipewa mahali pa kujenga. Akishindwa alirudi kwao na jembe lake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kumchunguza mgeni aliyefuata ndoa si jambo lililoletwa na Wazungu. Tofauti ni kwamba mjomba alimtazama mtu shambani msimu mzima, ilhali ofisa wa ubalozi hutazama karatasi.

Karatasi zilikuja pamoja na mipaka. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Mto Ruvuma uwe mpaka baina yao. Watu wa kingo mbili za mto hawakuulizwa. Waliendelea kuvuka kwa mitumbwi, wakioa na kuolewa huku na huko, na wengi wakivuka kuja kaskazini kukimbia kazi za kulazimishwa za Wareno. Mke wa ng'ambo alikuwa mke wa jirani tu. Kwa lugha ya serikali, hata hivyo, tayari alikuwa mgeni.

Nachingwea yenyewe ni mji uliokuzwa na wageni. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na kujenga reli kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Baada ya FRELIMO kuanza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964, Nachingwea ikapewa kazi nyingine. Hapo ndipo ilipokuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Samora Machel aliongoza mafunzo hapo. Wanawake wa Kikosi cha Wanawake walifunzwa hapo pia, na Graça Simbine, ambaye mwaka 1975 aliolewa na Samora, alipita hapo.

Palipo na kambi pana kijiji, na palipo na vijana pana mapenzi. Mama yangu mkubwa alikuwa msichana wakati huo. Alimpenda kijana mmoja wa Kimakua kutoka ng'ambo ya mto, na mwaka 1974 akajifungua mtoto wa kike. Kijana yule alikwisha kujitambulisha kwa wazee, na siku alizopata ruhusa alikuja kulima. Wazee walimpenda.

Tarehe 7 Septemba 1974 ulitiwa saini mkataba wa Lusaka, vita vikaisha. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Vijana walikuwa wakirejea kwao, na yule wa Kimakua akaja kumwombea mkewe ruhusa. Babu yetu, mjomba wa mama mkubwa, akakataa. Alisema mwanamke wa Kimwera hafuati mume, mume ndiye hufuata. Kijana akaondoka peke yake. Ilikuja barua moja kutoka Nampula, kisha kimya.

Miaka miwili baadaye vilizuka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu hadi mwaka 1992, na wazee wakasema babu aliona mbali. Pengine ni kweli. Lakini mama mkubwa hakuwahi kukubali. Kila alipoulizwa alijibu neno moja: "Sikuulizwa." Alilijibu hivyo hadi uzeeni. Yule mtoto wa mwaka 1974 ndiye dada yangu, na binti aliyenijia na bahasha ya kaki ni mjukuu wa Mmakua yule.

Nisieleweke kwamba hayo yalitokea Nachingwea peke yake. Huko Morogoro, katika makazi ya Mazimbu na Dakawa, wapigania uhuru wa ANC waliishi miaka mingi na kuoa wanawake wa Kitanzania. Mwanachama aliyetaka kuoa alipaswa kuomba ruhusa ya chama chake. Marufuku dhidi ya ANC ilipoondolewa Afrika Kusini mwezi Februari 1990, safari ya kurudi ikaanza, na mwaka 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa serikali yetu. Wapo wanawake waliokwenda na waume zao wakaanza maisha mapya katika nchi wasiyoijua. Wapo waliobaki na watoto, wakisubiri kuitwa. Ukombozi wa Afrika tunausherehekea kwa haki, lakini hesabu ya wake hawa ni nadra kusomwa jukwaani.

Wala si wanawake wa Kiafrika tu waliofuata waume. Janet Johnson, Mmarekani mweupe, aliolewa na Eduardo Mondlane mwaka 1956, akamfuata hadi Dar es Salaam na kuiongoza Taasisi ya Msumbiji. Tarehe 3 Februari 1969 mumewe aliuawa kwa bomu katika jiji hilo hilo. Huyo alipokelewa na Tanganyika bila kuulizwa kama ndoa yake na Mwafrika ni ya kweli, wakati ambapo kwao majimbo kadhaa yalikuwa bado yanaharamisha ndoa za namna hiyo. Sheria hizo zilibatilishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1967.

Sasa tuje kwenye nchi zinazotoa viza hizi. Chukua mfano wa Uingereza. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na kanuni iliyomtaka mume wa kigeni athibitishe kwamba shabaha yake kuu ya kuoa haikuwa kuingia Uingereza. Fikiri, ndugu msikilizaji, ni jinsi gani mtu atathibitisha jambo ambalo hakulikusudia. Mwanamume aliyekaa Uingereza kihalali aliweza kumleta mkewe kwa urahisi zaidi kuliko mwanamke kumleta mumewe. Wanawake watatu walikataa. Mmoja wao, Nargis Abdulaziz, alizaliwa Malawi. Walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 28 Mei 1985 mahakama hiyo ikaamua kwamba walibaguliwa kwa sababu ya jinsia yao.

Je, serikali ile iliwafungulia wanawake mlango? La. Iliwabana na wanaume, ili wote wawe sawa. Ile kanuni ya shabaha ikatumika pia kwa wake, hadi ilipofutwa mwezi Juni 1997.

Baada ya swali la moyo likaja swali la mfuko. Mwaka 2012 Uingereza iliamua kwamba anayetaka kumleta mwenzi lazima awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Mwezi Aprili 2024 kiwango kikapandishwa hadi pauni 29,000. Ada ya maombi peke yake mwaka huo ilikuwa pauni 1,846, mbali na malipo ya huduma ya afya, kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza. Hata mjomba mkali kiasi gani hakuwahi kudai mahari ya namna hiyo.

Ni rahisi kuwanyoshea wenzetu kidole. Lakini nyani haoni kundule. Kwa Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hakuwekewa mlango huo, naye hupita njia ndefu kama mgeni mwingine yeyote. Yaani mume wa binti huyu angeamua kuhamia Lionja, akalima korosho na ufuta kama desturi ya Wamwera inavyotaka, mila ingemkubali kabla ya sheria. Nargis Abdulaziz angetuuliza swali lile lile alilowauliza Waingereza.

Nirudi kwenye bahasha ya kaki. Tulizimwaga karatasi mezani tukazipitia moja moja. Kulikuwa na picha za harusi na risiti za fedha alizotumiwa. Cheti cha ndoa kutoka RITA hakikuwamo. Wazee waliridhika, nami nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kusajili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na kutosajiliwa hakuifanyi kuwa batili. Ndoa ya binti huyu ni halali. Lakini ofisa aliye mbali hakuiona ngoma wala wali. Alitafuta muhuri, hakuuona.

Basi kosa moja katika bahasha ile lilikuwa langu. Mimi mtu wa habari, ninayewahimiza wananchi kila juma wadai stakabadhi, nilimwozesha mtoto wangu bila stakabadhi. Nawasihi wazazi na wajomba: msiondoke harusini kabla hamjaulizana nani atakwenda kusajili. Na wale vishoka wanaouza vyeti na barua za kughushi waepukwe, kwa maana uongo mmoja ukigunduliwa huua kweli zote zilizomo ndani ya bahasha.

Jumatatu tulikwenda kuanza usajili. Kabla ya kutoka nilimuuliza jambo ambalo babu yetu hakumuuliza mama mkubwa: je, ni kweli anataka kwenda, au anaona haya kwa watu? Angeweza kumwita mumewe arudi Lionja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nataka kwenda, mjomba. Na ahsante kwa kuniuliza."

Kibali changu anacho. Sasa tunangoja kile kingine.