Vidole na Pumzi

Msomaji, huenda hapa Sangailu hujapata kuiona piano. Lakini umewasikia watoto wa duksi wakiurudia mstari mmoja wa ubao mpaka ulimi ukauzoea. Kazi ya mpiga piano yafanana na hiyo.

Mwaka 1833 Frédéric Chopin, mzaliwa wa Poland aliyekaa Paris, alitoa mazoezi 12 ya piano. Mengine 12 yakafuata mwaka 1837. Kila zoezi lahusu ugumu fulani wa mkono, nalo ni muziki kamili.

Miaka hiyo hiyo Robert Schumann, kijana wa Ujerumani, alijikaza mno, hata akajaribu chombo cha kufunzia vidole. Kufikia mwaka 1832 kidole cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimelemaa. Akaacha upigaji, akashika utunzi.

Chopin alimkataza mwanafunzi wake kujizoeza zaidi ya saa tatu kwa siku. Aliwaagiza wakawasikilize waimbaji, kwani kifundo cha mkono hupumua kama mwimbaji baina ya vifungu.

Nawe somo gumu uligawe vipande, ulisome polepole, upumzike maana inapokoma. Ndipo uongeze mwendo. Mwenda pole hajikwai.