Rojo Jeusi la Chachu: Nani Huamua Kipi Ni Chakula?

Siasa za Uingereza ya leo zina msamiati wake, na mojawapo ya maneno ya msamiati huo limetoka kwenye meza ya chai. Mwanasiasa ambaye baadhi ya watu humshangilia na wengine humzomea, pasiwe na wa katikati, huambiwa kuwa ni Marmite. Jina hilo ni la rojo jeusi, zito, lenye chumvi kali, linalotengenezwa kwa chachu inayobaki baada ya bia kupikwa, na ambalo Waingereza hulipaka kwenye mkate juu ya siagi. Wapo wasioweza kuianza siku bila ya rojo hilo, na wapo wasiotaka hata kulinusa. Ukivuka bahari hadi Australia utamkuta ndugu yake, Vegemite, na huko ugomvi hubadilika sura: mwenyeji hulitetea kama anavyoitetea bendera, na mgeni ndiye anayekunja uso. Mwaka 2011 Rais Barack Obama, akiwa pamoja na Waziri Mkuu Julia Gillard mbele ya wanafunzi wa shule moja ya Marekani, alisema wazi kuwa kitu hicho hakifai kuliwa, na magazeti ya Australia yakapata habari ya kuandika.

Maelezo ya kawaida ya mgawanyiko huu ni mepesi: kila mtu na ulimi wake. Sikubaliani nayo. Hoja yangu ni kwamba ladha ya rojo hili imejengwa na viwanda, vita, tiba na dola, na kwamba anayeisimulia habari yake kama mzaha wa kupenda na kuchukia huwasahau watu waliolila kwa sababu mlo wao wenyewe ulikuwa umepungukiwa.

Tuanze na kiwanda. Chachu ni kiumbe hai. Ikitiwa katika maji yenye sukari ya nafaka huzaana, na bia ikiwa tayari mpishi hujikuta na chachu nyingi kuliko aliyoanza nayo. Katika karne ya 19 mji wa Burton upon Trent, katikati ya Uingereza, ulikuwa umejaa viwanda vya bia, na chachu ya ziada ilikuwa mzigo wa kutafutiwa pa kwenda. Mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig, ambaye tayari alikuwa na sifa ya kuukamua mchuzi wa nyama ukawa rojo la kuhifadhiwa, ndiye anayetajwa kugundua kuwa hata chachu yaweza kukamuliwa hivyo. Njia yenyewe si ngumu kuieleza. Chachu hutiwa chumvi na kupewa joto la wastani. Seli zake hufa, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuzivunja protini za seli hizo hizo. Maganda huchujwa, maji huvukizwa, na kinachobaki ni rojo. Protini zilizovunjika huacha asidi ya glutamiki kwa wingi, na ni asidi hiyo ambayo mwaka 1908 Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua katika mchuzi wa mwani kuwa asili ya ladha aliyoiita umami. Ndiyo maana kitu kisicho na hata chembe ya nyama huonjeka kama mchuzi wa nyama uliokaushwa.

Kampuni ya Marmite iliundwa mjini Burton mwaka 1902, ikipata chachu kutoka kiwanda cha bia cha Bass. Kufikia mwaka 1907 ilikuwa imefungua kiwanda cha pili jijini London. Jina lake ni la Kifaransa, nalo maana yake ni chungu cha kupikia. Picha ya chungu hicho ingali kwenye lebo. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu hapa, kwani neno letu hubeba chombo na ladha kwa pamoja, na wanaolichukia rojo hilo wangesema jina limepata mwenyewe.

Mwanzoni kilikuwa chakula cha akiba na cha watu wasiokula nyama. Kilichokipa heshima ni elimu ya vitamini. Mwaka 1912 Casimir Funk, mwanasayansi aliyezaliwa Warsaw, alibuni jina la vitamini kwa ajili ya vile viini visivyoonekana ambavyo mwili ukivikosa huugua hata tumbo likiwa limeshiba. Ikajulikana kuwa chachu ina utajiri wa vitamini za kundi B. Muda si mrefu Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na elimu hiyo ikapimwa juu ya miili ya askari.

Katika uwanja wa vita wa Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, askari wa Uingereza walipata beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1 unaodhoofisha neva na moyo. Walikuwa wakila mkate mweupe na nyama ya makopo. Askari wa Kihindi waliopigana bega kwa bega nao walikula unga wa ngano isiyokobolewa, na unga huo uliwakinga na beriberi. Wao walisumbuliwa na kiseyeye kwa kukosa mboga na matunda. Naomba msomaji asimame kidogo hapa. Jeshi lile lilikuwa na dawa ya beriberi ndani ya kambi yake lenyewe, katika magunia ya chakula cha askari waliohesabiwa kuwa wa daraja la chini. Marmite ikaletwa kutoka Uingereza na kuingizwa katika mgao. Sisemi kwamba haikusaidia, kwani ilisaidia. Nasema kwamba mkate mweupe, alama ya ustaarabu, ulihitaji takataka ya bia ili usiwaue walaji wake, na hakuna aliyesimama kuutangaza unga wa Mhindi kuwa chakula bora cha dola.

Miaka kumi na zaidi baadaye rojo hilo lilifika Bombay. Mwaka 1928 daktari wa Kiingereza Lucy Wills, aliyesoma Cambridge na baadaye katika Shule ya Tiba ya Wanawake ya London, alikwenda India kuchunguza upungufu wa damu uliowaua wajawazito, hasa wanawake maskini wa jiji lenye viwanda vingi vya nguo. Aliona kuwa ugonjwa uliambatana na mlo duni, wenye mboga na matunda machache mno. Alifanya majaribio kwa wanyama, kisha akawapa wagonjwa wake rojo la chachu, nao wakapona kwa kasi. Dawa iliyojulikana wakati huo ilikuwa kamuo la maini, nayo ilikuwa ghali. Marmite ilikuwa rahisi. Mwaka 1931 alichapisha matokeo yake katika jarida la madaktari wa Uingereza. Kiini kilichoponya hakikujulikana, kikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walikipata katika mchicha, wakakipa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani: asidi ya foliki. Mwaka 1991 jaribio kubwa lililoongozwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilithibitisha kuwa mama akiipata kabla na mwanzoni mwa ujauzito humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.

Kwa hiyo mama anayetoka kliniki Dodoma au Kisumu leo akiwa na vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, amebeba mkononi sehemu ya historia hii. Deni letu kwa Lucy Wills ni kubwa, na zaidi ni deni kwa wanawake wa Bombay ambao majina yao hayakuandikwa popote. Lakini utafiti ule ule una upande wa pili. Ulionyesha kwamba maradhi yale yalikuwa maradhi ya ujira. Mwanamke ambaye kipato cha nyumba yake kingetosha kununua mboga, maziwa na matunda asingehitaji kijiko cha chachu. Dola ilipokea kijiko, ikaacha ujira ulivyokuwa. Mtindo huu tunaujua hata sasa: ni rahisi zaidi kuongeza virutubisho katika unga kuliko kuuliza kwa nini mlaji hana cha kula ila unga. Virutubisho viongezwe, maisha ya watoto hayawezi kungoja mageuzi. Ila tusiviite haki.

Sasa twende Australia, ambako somo ni la namna nyingine. Vita vilipovuruga uingizaji wa bidhaa kutoka Uingereza, mfanyabiashara wa Melbourne Fred Walker alimwajiri mkemia Cyril Callister atengeneze rojo la nyumbani. Vegemite iliingia madukani mwaka 1923. Waaustralia hawakuitaka. Walikuwa wamezoea Marmite, na hiki kigeni cha nyumbani hawakukiamini. Mwaka 1928 Walker alikibadilisha jina kikawa Parwill, kwa mchezo wa maneno wa Kiingereza uliokusudia kumshinda mpinzani, na bado hakikununuliwa; kufikia mwaka 1935 jina la kwanza likawa limerudi. Ikabidi kigawiwe bure kwa wanunuzi wa bidhaa nyingine za kampuni, na mwaka 1937 yakaandaliwa mashindano ya mashairi mafupi ambayo zawadi zake zilikuwa magari. Mwaka 1939 madaktari waliruhusiwa na chama chao kukipendekeza kwa wagonjwa. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili; jeshi likakinunua kwa wingi hata raia wakawekewa kipimo, na askari waliorudi walirudi na mazoea. Mwaka 1954 ukatungwa wimbo wa tangazo ulioimbwa na watoto redioni, na kizazi kizima kikakua nao.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wanasaikolojia, tangu kazi ya Robert Zajonc ya mwaka 1968, wameonyesha kuwa kukutana na kitu mara kwa mara kwatosha kutufanya tukipende. Pendo la Waaustralia kwa Vegemite, linalosemwa kana kwamba limo katika damu, lilichukua zaidi ya miaka kumi na mitano ya zawadi, madaktari na vita. Tena, kwa miongo mingi nembo hiyo ya taifa ilikuwa mali ya kampuni ya Marekani, Kraft, iliyoshirikiana na Walker tangu miaka ya 1920. Ni mwaka 2017 tu ndipo kampuni ya Bega ya Australia ilipoinunua. Mzalendo alikuwa akiitetea bendera ambayo mlingoti wake uko Chicago.

Na taifa hilo ni la nani? Mwaka 2015 waziri wa serikali ya Australia aliyeshughulikia masuala ya wenyeji asilia alisema kuwa katika baadhi ya vijiji vya mbali Vegemite hutumiwa kutengenezea pombe, na akataka wenye maduka wawe macho juu ya wanunuzi wa kupindukia. Wataalamu walieleza kuwa chachu ya rojo hilo imekwisha kufa, nayo haiwezi kuchachua kitu. Wananchi walicheka, na kicheko kikawa ndiyo habari. Maisha ya vijiji vile, ambavyo mlo wake wa asili uliharibiwa pamoja na ardhi yake, hayakupata nafasi. Mkebe ule ule ulikuwa kumbukumbu ya utotoni mikononi mwa mmoja, na ushahidi wa hatia mikononi mwa mwingine.

Wakati huo huo Uingereza ilikuwa imegundua kuwa hata chuki huuzika. Tangu mwaka 1996 matangazo ya Marmite yamesimama juu ya wazo moja: ulipende au ulichukie. Ni ufundi mkubwa wa biashara, kwa sababu humlazimisha kila mtu, hata asiyenunua, ajitangaze yu upande gani. Mwaka 2011 mamlaka za Denmark zilipoeleza kuwa chakula kilichoongezwa vitamini hakiuzwi nchini humo bila ya kuombewa kibali, magazeti ya London yaliandika kuwa Marmite imepigwa marufuku, na suala la kanuni likawa tusi kwa taifa. Mwaka 2016, miezi michache baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, thamani ya pauni ilishuka na kampuni ya Unilever ikataka kupandisha bei. Ugomvi wake na maduka ya Tesco ulipewa jina la Marmite, ingawa bidhaa zilizohusika zilikuwa nyingi. Uchumi wa nchi nzima ulijadiliwa kwa kipimo cha rojo la kupaka mkate.

Binafsi nimelionja, na halikunivutia. Sioni kuwa jambo hilo lina uzito wowote. Chenye uzito ni mazoea ya kuligeuza kila jambo kuwa kambi mbili, ukipenda au ukichukia, mpaka maswali ya maana yakose mlango wa kuingilia. Siasa zetu nazo zimejifunza biashara hiyo: mgombea huuzwa kwa wanaomshangilia na kwa wanaomzomea, na wote wawili humtajirisha kwa kelele zao, wakati swali la nani anakula nini, kwa ujira upi, halimfikii kamwe.

Mwanamke wa Bombay hakuulizwa kama alilipenda rojo lile. Alikuwa na mimba, damu yake ilikuwa imepungua, naye akapewa alichopewa. Katika historia nzima ya kitu hiki, sauti yake ndiyo ninayotamani kuisikia: si aseme kama lilikuwa tamu au chungu, bali aseme angekula nini kama angekuwa na uwezo wa kuchagua.