Likoma: Kisiwa cha Malawi katika Maji ya Msumbiji

Katika Ziwa Nyasa kipo kisiwa cha Likoma, chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 18. Kutoka ufuko wa Msumbiji ni mwendo mfupi wa mashua. Lakini bendera ipepeayo hapo ni ya Malawi.

Asili yake ni hii. Mwaka 1885 Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokwisha kujenga Zanzibar, ilikifanya kisiwa hicho makao yake ziwani. Mwaka 1903 ikaanza kujenga kanisa kuu la mawe. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilipopitisha mpaka katikati ya ziwa, Likoma na jirani yake Chizumulu, ingawa vilikuwa mashariki ya mstari huo, viliachwa chini ya Nyasaland.

Hivyo mvuvi aendaye ng'ambo kuwaona jamaa zake huvuka mpaka wa dola. Askari wa doria na akumbuke: mstari ulichorwa na wakoloni mezani, udugu ulikuwapo kabla yake. Kulinda mpaka ni wajibu. Kumpambanua mvuvi na mhalifu ni sehemu ya wajibu huo huo.